Wasomaji Wanauliza: Nakula kwa mpango, nakimbia kila alfajiri, mbona sina raha?

Kila mwaka unapogeuka, barua zinazoletwa kwenye ukurasa huu kutoka Moshi na Arusha huanza kufanana. Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwa ikifanyika Moshi tangu 2003, huwa imekaribia, barabara za Rau na Shanty Town hujaa wakimbiaji kabla jua halijachomoza, na watu wengi huamua kwa mpigo mmoja kubadili mlo, kupunguza mwili na kuanza kujipima. Hilo ni jambo jema, na nisingependa mtu asome majibu ya leo akadhani naupigia debe uvivu. Barua nne nilizochagua zimeandikwa na watu waliofuata yale tunayoyahimiza hapa kila mwezi, au na wazazi wao, nao wanauliza mpaka uko wapi. Majina yamehifadhiwa kwa ombi la waandishi.

*Shikamoo mama mshauri. Mimi ni binti wa miaka 29, ni mhasibu hapa Moshi mjini na ninaishi Rau. Nilianza kukimbia kwa mzaha na wenzangu wa kazini, lakini Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo Septemba 2025, nikaamua kwamba na mimi nitakimbia kilomita 21 za Kilimanjaro. Nilikuwa na kilo 66, sasa nina 54. Nakimbia kilomita 10 siku tano kwa wiki, na programu niliyoipakua kwenye simu imenipangia kalori 1,200 kwa siku. Kila ninachokula nakipima kwanza kwa mizani ya jikoni, hata kipande cha parachichi. Mwanzoni nilijisikia vizuri mno. Siku hizi mikono yangu ina baridi hata saa nane mchana, nywele zinabaki kwenye kitana, naamka saa tisa usiku nikiwaza nitakula nini asubuhi, na hedhi yangu haijaja kwa miezi mitano. Kabla ya kulala natazama video za mapishi moja baada ya nyingine, za vyakula ambavyo mwenyewe sivigusi. Mwezi uliopita tulikuwa Kibosho kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Mama alinipakulia mtori, nikamwambia nimeshiba, kisha nikaenda kula kuku wangu wa kuchemsha niliyekuwa nimemweka kwenye kopo ndani ya gari. Mama aliniona. Siku ile hakusema kitu, ila sasa kila akipiga simu ananiuliza kama naumwa na ninamficha. Kocha wa kikundi chetu anasema wakimbiaji wa kike kukosa hedhi ni kawaida, ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Je, ni kweli? Na nitajuaje kama nimepitiliza?*
Mkimbiaji wa Rau, Moshi

Marahaba, mwanangu. Nianze na kauli ya kocha, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko yote uliyoandika. Mwanamke ambaye hana mimba, hanyonyeshi wala hatumii njia ya uzazi wa mpango inayosimamisha hedhi, akikosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo anatakiwa aonwe na daktari, awe mkimbiaji au asiwe. Ni kweli kwamba tatizo hili huwapata wakimbiaji wengi, na huenda ndiyo sababu kocha wako amelizoea, lakini kulizoea hakulifanyi liwe salama. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu wanamichezo wanaokula pungufu ya kile miili yao inachotumia, ikalihuisha mwaka 2023, na kukatika kwa hedhi ni miongoni mwa dalili zinazotiliwa mkazo humo. Mwonyeshe kocha sentensi hii.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Ubongo unapobaini kwamba chakula kinachoingia hakitoshi, hupunguza homoni zinazoziamsha ovari, na ovari nazo hupunguza kutengeneza estrojeni. Estrojeni ndiyo inayoilinda mifupa, kwa hiyo kila mwezi unaopita bila hedhi mifupa yako inapoteza kitu, na unaipoteza katika umri ambao ilipaswa kuwa imara kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yako. Wakimbiaji walio katika hali kama yako ndio wanaopata nyufa ndogo kwenye mfupa wa muundi au wa wayo bila kuanguka wala kugongwa na chochote. Baridi ya mikononi na nywele za kwenye kitana zina chanzo hicho hicho: mwili unabana matumizi.

Kwa kuwa wewe ni mhasibu, tupige hesabu pamoja. Kukimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, hivyo kilo 54 kwa kilomita 10 ni kalori 540. Ukizitoa kwenye 1,200 unabaki na 660, na hizo ndizo unazozitegemea kuendesha moyo, ini, ubongo, joto la mwili na kazi ya kutwa nzima ofisini. Ukiacha mafuta kando, mwili wako una labda kilo 43 za misuli, mifupa na viungo vingine, na wataalamu wa michezo kwa miaka mingi wamekuwa wakitumia kalori 30 kwa kila kilo ya aina hiyo kuwa mpaka ambao chini yake madhara huanza kujitokeza. Kwa kipimo hicho, siku unayokimbia ulipaswa kubakiwa na karibu 1,300. Unabakiwa na nusu yake. Programu ya simu haikuyajua hayo. Iliuliza unataka kuwa na kilo ngapi, ikakupa namba.

Sasa tuje kwenye zile video za mapishi, ambazo umeziandika kama jambo la aibu ilhali kwangu ndizo zilizoeleza mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua yako. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinaelekea ukingoni, mtaalamu aliyeitwa Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, wote wakiwa wamejitolea, na kwa wiki 24 za mwaka 1945 akawalisha mlo wa takriban kalori 1,570 kwa siku, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Alitaka kujua namna ya kuwahudumia watu walioteseka na njaa Ulaya. Vijana hao walipoteza karibu robo ya uzito wao, jambo ambalo lilikuwa limepangwa, lakini ajabu ilikuwa vichwani mwao. Watu ambao hawakuwahi kujali mambo ya jikoni walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuota chakula usiku. Walikizungusha chakula kwenye sahani ili kisiishe haraka, na wengine waliiramba sahani yenyewe. Waliwakwepa rafiki zao, wakawa wakali kwa mambo madogo. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa na akili timamu na miili yenye nguvu, na ni njaa iliyowafikisha pale. Wengi wao waliendelea kuhangaishwa na chakula kwa miezi kadhaa hata baada ya kuruhusiwa kula watakavyo.

Wale walikuwa wanaume, wenye miili mikubwa kuliko wako, kwa hiyo namba haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Hata hivyo wewe unakula pungufu ya walichokula wao, na mahali ambapo wao walitembea kilomita 35 kwa wiki, wewe unakimbia 50. Usiku unapojilaumu kwamba huna nidhamu ya kuacha kuwaza chakula, jua kwamba unamlaumu mtu mwenye njaa kwa kuwa na njaa.

Umeuliza utajuaje kama umepitiliza. Watu wengi hutazama wingi, yaani kilomita ngapi na gramu ngapi, lakini mimi huuliza inakuwaje siku ratiba inapovurugika. Mvua imenyesha alfajiri, umeme umekatika na kuku hajachemshwa, umekwenda msibani na chakula kilichopo ni wali na maharage, au goti limeanza kuuma. Mtu ambaye mazoezi yamekaa mahali pake huudhika kidogo, akala kilichopo, akalala, na kesho akaendelea. Aliyepitiliza hujitoza faini: ataongeza kilomita, ataruka mlo wa jioni, atakosa usingizi, au atakwenda kula peke yake kwenye gari. Kuna wanaofika huko wakiwa hawatafuti wembamba kabisa, wanatafuta chakula kilicho safi kupita kiasi, na daktari Mmarekani Steven Bratman aliandika habari za watu hao mwaka 1997 kwa kuwa alikuwa anakutana nao katika kazi yake. Wewe, kwa maoni yangu, uko kwenye njaa zaidi kuliko kwenye usafi, na hiyo ni habari njema kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu unayoiona sasa inaweza kupungua utakapoanza kushiba.

Wiki hii nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, uwaambie mambo matatu bila kuyapunguza: hedhi haijaja kwa miezi mitano, umepungua kilo 12, na unakimbia kilomita 50 kwa wiki. Watakupima mimba kwanza. Usikasirike, ndio utaratibu. Watapima damu, tezi ya shingo na homoni nyingine, kwa sababu hedhi hukatika kwa sababu nyingi na haifai tuamue kwa barua. Omba pia uonane na mtaalamu wa lishe. Ukipewa vidonge vya kurudisha hedhi, uliza vinatibu nini hasa, maana vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuleta damu kila mwezi huku ile njaa ikiwa palepale na mifupa ikiendelea kudhoofika, nawe ukadhani umepona.

Kilomita 21 za safari hii ziache. Najua umeshalipia, na najua umewaambia watu. Njia ile hupanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi mjini, na kilima kile si mahali pa kupeleka mifupa ambayo hujui hali yake. Daktari akikuruhusu, tembea zile kilomita 5 na wenzako. Kwa sasa mbio zishuke hadi nusu au chini ya hapo, na siku moja kamili ya mapumziko iwepo kila baada ya siku ya kukimbia. Usijilinganishe na bingwa wa dunia, ambaye kukimbia ndiyo kazi yake, ana watu wa kumpangia siku za kupumzika, na akimaliza mazoezi hakimbilii kufunga hesabu za mwezi.

Chakula kiongezeke kabla ya kitu kingine chochote. Kunywa chai ya maziwa na ule ndizi mbivu mbili kabla ya kutoka, upate mlo kamili ndani ya saa moja baada ya kurudi, ugali wa dona au viazi mchana pamoja na maharage au samaki na mnafu, na glasi ya maziwa mgando kabla ya kulala ili usiamke saa tisa. Utaongezeka uzito, na nakwambia mapema ili wiki ya tatu usije ukashtuka na kuvunja kila kitu: kuongezeka huko ndiyo tiba yenyewe. Programu ya simu ifute. Mizani ya jikoni mpe jirani anayeoka keki. Jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lipo tangu 2008 na ni kazi nzuri ya wataalamu wetu, lakini halikutengenezwa ili mtu apimie bakuli aliloandaliwa na mzazi wake.

Mama mpigie simu leo, umwambie kwamba hedhi imekatika. Mtori ndio chakula ambacho wanawake wa mlimani hupewa wakishajifungua ili warudishe nguvu. Mama yako anajua anachokipakua, na pengine alipokuona kwenye gari alielewa zaidi ya unavyodhani.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 41. Mume wangu alinipa zawadi ya saa inayohesabu hatua, nayo inataka 10,000 kila siku. Zikipungua nazunguka sebuleni saa tano usiku mpaka itetemeke. Watoto wananicheka. Je, nikilala na hatua 8,000 napoteza faida?*
Mwalimu, Usa River

Hupotezi, mwalimu. Namba 10,000 ilienea kutoka Japani, ambako mwaka 1965 kampuni moja iliingiza sokoni kifaa cha kuhesabia hatua na kukipa jina la namba hiyo. Ilipendwa kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Tafiti zilizofuata zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida kwa moyo na kwa maisha marefu hupatikana ukifika karibu hatua 7,000, na baada ya hapo huongezeka polepole. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 hauweki idadi ya hatua. Unapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemeheme kidogo, na siku mbili za mazoezi ya kutia misuli nguvu. Hizo siku mbili ndizo walimu wengi hawana, kwa hiyo mizunguko ya sebuleni ibadilishe iwe kuchuchumaa na kuinuka mara kadhaa jioni, mapema, ukiwa unasubiri chakula kiive.

Kalori ambazo saa inadai umezichoma usizitilie maanani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi, na kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27. Saa tano usiku lala. Ukiona kwamba kuivua jioni kunakutia wasiwasi, basi ivue kwa wiki mbili nzima, na mumeo umweleze sababu ili asidhani zawadi imedharauliwa.

*Ndugu mshauri, habari za kazi. Ni baba wa watoto watatu, naishi Njiro, Arusha. Kijana wangu wa pili ana miaka 18 na yuko kidato cha sita. Alikuwa mwembamba sana na wenzake walimtania kwa hilo. Tangu mwaka jana anakwenda jimu kila siku, siku nyingine mara mbili. Asubuhi anavunja mayai sita mabichi kwenye glasi na kuyanywa, kisha ananidai nimnunulie kopo la unga wa protini ambalo bei yake inanishinda. Ugali, makande, hata loshoro ya bibi yake kule Meru, hali tena. Anasema wanga unaharibu mwili. Jimu ilipofungwa siku mbili kwa kukosa umeme alikuwa hasemeshwi. Sasa ana kifua kipana kuliko changu, lakini akisimama mbele ya kioo anasema bado ni mdogo. Mama yake ananiambia nimwache, bora hili kuliko bangi. Nifanyeje?*
Baba wa watatu, Njiro

Mama yake ana hoja, ndugu yangu, na usiifukuze upesi. Kijana anayeamka mapema, anayetumia jasho lake na kujali anachokula ana msingi ambao wazazi wengi wangeutamani. Kazi yako ni kuusahihisha bila kuubomoa, na mahali rahisi pa kuanzia ni hesabu, kwa sababu vijana wa jimu huheshimu namba kuliko maonyo.

Mayai mabichi yanamnyang'anya anachokitafuta. Utafiti uliofanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mwili hufyonza takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na kwa yai bichi hufyonza karibu nusu tu. Maana yake ni kwamba mayai matatu na nusu ya kuchemsha yangempa kile anachopata kwenye sita zake, bila hatari ya bakteria wa salmonela wanaoleta homa na kuhara. Kuhusu kiasi anachohitaji, tafiti nyingi za watu wanaonyanyua vyuma zinaishia kwenye gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Zaidi ya hapo misuli haionekani kunufaika sana. Kama ana kilo 62, hiyo ni kama gramu 100. Mayai matatu yana gramu 18, glasi mbili za maziwa 16, sahani ya maharage 15, kipande cha nyama au samaki cha gramu 100 kina karibu 25, na kiganja cha dagaa wakavu kinakaribia 18. Ugali wenyewe unamalizia kilichobaki, maana mahindi nayo yana protini. Hakuna kopo hapo.

Na wanga ndio unaomwezesha kunyanyua. Misuli ikifanya kazi nzito hutumia sukari iliyohifadhiwa ndani yake, na sukari hiyo hutokana na wanga. Akiukosa, protini anayoigharimia sana itaishia kutumika kama kuni. Loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando kwa pamoja, ni mlo mzuri kabisa kwa mtu aliyetoka kunyanyua vyuma, na ningependa asikie hilo kutoka kwa mtu asiyekuwa bibi yake.

Unga wa protini si sumu. Mwingi wao ni sehemu ya maziwa iliyochujwa na kukaushwa, na mwenye fedha za ziada anaweza kuununua pale penye alama ya TBS na kopo lililofungwa kiwandani. Ninachokiogopa ni unga unaopimwa kwa vijiko kwenye mifuko ya nailoni, na kuliko huo, vidonge na sindano vya homoni za kukuza misuli ambavyo katika baadhi ya jimu hupita mkono kwa mkono. Homoni hizo huongeza misuli kweli, lakini pia husinyaza korodani, hupunguza mbegu za kiume, huotesha matiti na kuuumiza moyo. Muulize waziwazi kama amewahi kupewa. Uliza kwa utulivu, mkiwa wawili, na ukubali jibu la kwanza lisiwe la kweli.

Kioo ndicho kilichonifanya nichague barua yako. Mwaka 1993 daktari wa akili Harrison Pope na wenzake nchini Marekani walieleza habari za wanaume wanyanyua vyuma wenye miili mikubwa ambao kila wakijitazama walijiona wadogo na dhaifu, kinyume kabisa cha binti aliyekonda anayejiona mnene. Utani wa shuleni mara nyingi huwa nyuma ya jambo hili, kwa hiyo nyumbani usimtanie kwa lolote linalohusu mwili wake, hata kwa sifa. Mwambie kwamba misuli hukua wakati wa mapumziko, kwamba siku tatu au nne za vyuma kwa wiki zinatosha, na kwamba mtihani wa kidato cha sita nao unahitaji usingizi. Usimfungie jimu. Nenda naye Jumamosi moja, umwombe akufundishe, na mkirudi mle chakula cha nyumbani mezani. Kama baada ya miezi miwili bado hawezi kukosa siku bila kufura, anakwepa wenzake au anazungumzia mwili wake kwa chuki, mpeleke kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Nendeni wote wawili, wewe na mama yake.

*Mama mshauri, salaam. Nina miaka 57 na nina sukari ya aina ya pili tangu 2021. Natumia vidonge, napima asubuhi kabla ya kula, nimeacha soda, na natembea nusu saa kila jioni. Kwenye vikao vya ukoo nakataa mbege na kuomba maji. Ndugu zangu wanasema nimekuwa mtumwa wa afya. Nikisoma habari za watu waliopitiliza najiuliza kama ni mimi.*
Mzee wa Kiboriloni, Moshi

Si wewe, kaka. Una ugonjwa unaojulikana, kipimo ulichoelekezwa na daktari na ratiba isiyokunyang'anya usingizi wala ndugu, kwani kwenye vikao bado unakwenda na unakaa nao. Endelea hivyo hivyo. Ungeniandikia kwamba unajidunga kidole kila saa, au kwamba umeacha kuhudhuria harusi kwa hofu ya wali, ningekujibu tofauti.

Kuhusu mbege uko sahihi kuliko ndugu zako wanavyojua. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, kwa hiyo ina sukari na kileo kwa pamoja, na kama miongoni mwa vidonge vyako kuna glibenklamidi, kileo kwenye tumbo tupu kinaweza kuishusha sukari mpaka ukatetemeka na kuchanganyikiwa, na watu wakasema umelewa. Muulize daktari jina la kila kidonge unachomeza, na mfukoni weka pipi. Kata ikikufikia, ipokee kwa mikono miwili, iguse mdomoni na umpe aliye pembeni yako, heshima imetimia. Desemba, jamaa wakirudi mlimani na nyama ikawa ya kila siku, matembezi ya jioni yabaki, na ukague miguu yako kila unapovua viatu, maana kidonda cha mguuni kwa mwenye sukari huanza bila maumivu. Na wakikuuliza kwa nini unaomba maji, wajibu kwa sauti ya kawaida kwamba una sukari. Katika ukoo wenye watu wa umri wako, wawili watatu watakufuata pembeni kutaka kujua wapime wapi. Waambie waanzie kituo cha afya kilicho karibu, asubuhi, kabla ya kunywa chai.